Lugha ya Kasi au Lugha Nyepesi?

Mchezo mwingi wa kompyuta hulenga kuonyesha picha 60 kila sekunde. Kwa hiyo mashine hupewa milisekunde 16 na ushei tu kukokotoa mwendo, migongano na mwanga wa kila picha. Ikichelewa, mchezo hukwama machoni pa mchezaji. Je, uandikwe kwa lugha gani?

Lugha kama C hufanana na barua iliyokwisha kutafsiriwa kabla ya kutumwa: programu nzima hugeuzwa mapema kuwa amri za mashine, nayo huenda mbio. Lakini mwandishi ndiye agawaye na kurudisha nafasi za kumbukumbu. Kosa dogo laweza kuiangusha programu yote. Lugha kama Lua, iliyobuniwa Rio de Janeiro mwaka 1993, hufanana na mkalimani mkutanoni: hufasiri kazi ikiendelea, hivyo hukawia, lakini msemaji aweza kubadili kauli papo hapo.

Watungaji wa Grim Fandango, mchezo uliotoka mwaka 1998, walizitumia zote mbili: lugha ya kasi kwa michoro, Lua kwa mwenendo wa hadithi.

Kwa kawaida sehemu ndogo ya programu ndiyo hula muda mwingi. Basi mwanafunzi na aanze kwa lugha nyepesi, apime, kisha aandike upya sehemu iliyo nzito tu. Aanzaye na ugumu wote huishiwa na ari kabla mchezo haujakamilika.