Mchagua Glavu Ndiye Mchumaji

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Sina nia ya kubishana nao, kwani waliyoyaona wao sisi hatukuyaona. Hata hivyo, nadhani lau wangaliamka alfajiri mwezi wa Julai katika miinuko ya Nyamira, wakaingia katika shamba la chai lililolowa mvua ya usiku, methali hiyo wangaliiweka kando kidogo. Jembe ni jembe, na udongo hauulizi limetoka wapi. Lakini kile mtu anachokivaa mkononi katika majira hayo ya kipupwe kina uchaguzi wake, na asiyechagua hulipa kwa ngozi yake mwenyewe.

Nina jirani mmoja, mama mtu mzima, ambaye ameichuma chai tangu nikiwa mtoto. Shamba lake liko upande wa Nyamira, ukishaipita Keroka na kuifuata barabara iendayo Nyansiongo. Mwanawe wa pili anaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kule Marekani, ambako Wagusii wengi wamehamia na kuweka makao. Kijana huyo hufanya kazi ya kusafisha madirisha ya maduka. Si kazi ya mchezo, kwa kuwa mwezi wa Januari baridi ya huko hushuka hata ikapita nyuzi 10 chini ya sifuri, na wasafishaji hulazimika kutia spiriti katika maji yao ili yasigande juu ya kioo kabla hayajapanguswa.

Siku moja kijana aliikumbuka mikono ya mamake. Akamtumia glavu zake mwenyewe zilizo bora: nene, nyeusi, zimeshonwa kwa neoprini, yaani mpira ule wa sponji wanaouvaa wapiga mbizi. Hakuna tone la maji lingepenya, na joto halikosekani ndani yake. Kijiji kizima kilizipapasa na kuzisifu.

Asubuhi ya tatu nilipita kando ya shamba. "Bwakire, mama," nilimwamkia. Aliitikia huku akiendelea kuchuma, mikono mitupu, vidole vyekundu kwa baridi. Nilimwuliza zilikokwenda glavu za Marekani.

"Zimetundikwa msumarini, mwanangu," alinijibu. "Mikono ilipata joto, lakini ilipofuka macho."

Sijasikia maelezo mafupi na makamilifu kuliko hayo kuhusu suala la glavu. Mchumaji wa chai haoni kwa macho peke yake. Anayetakiwa kuchuma majani mawili na chipukizi, basi, hulitambua tawi laini kwa ncha za vidole kabla jicho halijalifikia, na kidole gumba hujua pale ambapo shina linavunjika kwa urahisi na pale ambapo limekwisha kukomaa. Ukikifunika kidole hicho kwa mpira mnene umemfumba mchumaji macho. Ataokota majani magumu, naye karani kwenye kituo cha kununulia atayamwaga na kumwambia ayachambue upya. Tena mchumaji wa kibarua hulipwa kwa kilo. Mkono uliopunguza mwendo umepunguza unga wa jioni. Ndiyo maana usishangae kuwaona watu wenye akili timamu wakizivua glavu na kuchagua baridi.

Lakini mikono mitupu nayo ina gharama, ila gharama hiyo haiandikwi katika risiti ya kituo. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ipitayo ile ya hewa mara 20 na zaidi. Mwili ukihisi baridi huirudisha damu kifuani na tumboni ili kuvilinda viungo vya ndani, na vidole huachwa vikavu wa damu, vikafa ganzi. Ngozi inayolowa kila siku hupoteza mafuta yake ya asili, hukauka, kisha hupasuka. Utomvu wa chai huingia katika nyufa hizo ukawasha. Ule weusi unaouona katika vidole vya wachumaji si uchafu, wala hautoki kwa sabuni upesi; hali ileile inayoyageuza majani mabichi kuwa meusi kiwandani ndiyo inayofanya kazi yake katika ngozi. Mama anayerudi nyumbani na vidole kama hivyo ndiye atakayefua, atakayekamua ng'ombe na atakayemwosha mtoto.

Je, basi, tuchague glavu ya namna gani? Jibu ni kwamba glavu huchaguliwa na kazi, wala si na bei wala umbali ilikotoka. Ile ya neoprini haikuwa mbovu. Ilikuwa imechaguliwa na kazi nyingine. Msafishaji wa madirisha hushika mpini wa kupangusia kwa kiganja kizima na hahitaji kuhisi jani. Zaidi ya hayo, yeye huinua mikono juu, na maji humtiririkia kutoka kwenye kioo kuelekea kwapani. Kwa hiyo glavu yake huwa ndefu na huvaliwa juu ya mkono wa koti, na wengine huukunja ukingo wake ili uyakinge maji yasishuke. Mchumaji wetu huinyosha mikono mbele, juu ya meza ya michai, na maji humtoka kwenye koti kuelekea vidoleni. Kwake yeye mkono wa koti la mvua ndio uwe juu na glavu iwe chini, la sivyo glavu itajaa maji kama kikombe. Na kwa kuwa kila baada ya muda hurusha majani nyuma ya bega hadi kapuni, na wakati huo mkono hupanda juu, ni vyema mkono wa koti ufungwe kifundoni kwa ukanda wa mpira usiobana.

Katika maduka yetu ya vifaa, kuanzia mji wa Kisii hadi Keroka na Nyamira, aina tatu hupatikana kwa urahisi. Ya kwanza ni glavu za kufumwa zilizopakwa mpira kiganjani peke yake, zinazopendwa na waashi. Hizo hushika vizuri, lakini mgongoni ziko wazi. Katika chai yenye umande zitalowa kwa dakika chache, na pamba iliyolowa huzidisha baridi badala ya kuipunguza. Ya pili ni zile nene za mpira au plastiki ngumu zinazotumiwa kwa dawa za mashambani. Hizo hazipenyi maji, lakini ndizo zinazopofusha vidole. Tena nakusihi, msomaji mpenzi, glavu iliyowahi kushika dawa ya kunyunyiza isiguse kamwe majani ya chai wala kikombe cha mtu. Ya tatu ni zile nyembamba za mpira zinazotumiwa kuoshea vyombo, pamoja na ndugu zake za nitrili. Kwa mchumaji, hapa ndipo pa kuanzia.

Glavu nyembamba huzuia maji lakini haina joto la kutosha yenyewe. Dawa yake ni kuvaa ndani yake glavu nyingine nyepesi ya kufumwa, na ikiwa ni ya sufu ni bora zaidi, kwa kuwa sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu wa jasho, na pamba haina sifa hiyo. Ncha za kidole gumba na cha shahada katika glavu hiyo ya ndani zaweza kukatwa, ili pale penye kuhisi pabaki mpira mwembamba peke yake. Mwenye ngozi inayowashwa au kuvimba akivaa mpira wa asili achague nitrili, maana wapo watu ambao mpira huo huwadhuru.

Kipimo cha ukubwa nacho kisidharauliwe. Glavu nyingi madukani zimetengenezwa kwa mikono ya wanaume, ilhali wachumaji wengi ni wanawake. Ikipwaya, ncha zake hukunjamana na kunaswa na matawi. Ikibana, huzuia damu, na mkono uliozuiwa damu hupoa hata ukiwa mkavu. Nina kipimo kimoja kisichohitaji mtaalamu: vaa glavu zote mbili, ya ndani na ya nje, kisha mwombe mwenye duka aweke sarafu ya shilingi moja juu ya meza. Ukiweza kuiokota kwa ncha za vidole bila kuisukuma hadi ukingoni, utaweza kuchuma chai. Usipoweza, irudishe glavu rafuni hata kama bei ni ya kutupa. Kabla ya kulipa, ipulize kama puto na uibane mdomo. Ikinywea, ina tundu.

Ukifika nyumbani igeuze ndani nje, ioshe, uitundike penye hewa na kivuli. Ukiitundika juu ya moto jikoni au kuianika juani, mpira utakauka na kupasuka mapema. Na tusisahau kwamba mkono hupata joto kutoka kifuani. Mchumaji aliyetoka bila uji tumboni na bila sweta kavu chini ya koti hatasaidiwa na glavu yoyote iliyopata kutengenezwa duniani.

Sasa nifikie neno lililonifanya niishike kalamu. Ni nani anayepaswa kuinunua glavu hiyo? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ambaye wafanyakazi wake wanafanya kazi ya kulowa maji awape mavazi ya kujikinga yanayofaa, zikiwemo glavu pale zinapohitajika. Lakini sehemu kubwa ya chai ya Kisii na Nyamira haitoki katika mashamba makubwa yenye ofisi na maghala. Inatoka katika vipande vidogo vya ardhi, ambako mwajiri ni jirani, na kibarua wa leo hapa kesho yuko ng'ambo ya kijito. Mwenye shamba husema, "Mimi mwenyewe bonasi hainitoshi, nitamnunulia vipi glavu mtu atakayeondoka nazo kesho?" Mgala muue na haki umpe: hoja hiyo ina uzito.

Hata hivyo, mwenye shamba huyohuyo hununua mbolea, hununua kapu, na hulipia miche ikifa. Haoni kwamba mbolea ni hisani anayoifanyia chai. Kwa nini basi aione glavu kuwa hisani anayomfanyia mchumaji? Mkono ndio unaoitoa chai shambani. Majirani watatu au wanne wanaomtumia kibarua mmoja wanaweza kuchanga na kumnunulia jozi mbili, moja ya kuvaa na nyingine ya kukauka, naye aondoke nazo popote aendapo. Akienda nazo kwa jirani, hasara iko wapi? Keshokutwa atarudi na vidole vizima. Na katika saa za kwanza, wakati glavu inapunguza mwendo, mwenye shamba asimkaripie. Jua likishapanda na majani yakakauka, mchumaji atazivua mwenyewe na kuufidia muda.

Tulio na watoto na ndugu ng'ambo nasi tujifunze. Tunapowaandikia, tusiseme tu, "Mama anahitaji glavu." Tuseme anazifanyia nini. Yule kijana wa Minneapolis alipoelezwa kisa cha vidole vilivyopofuka alicheka sana, kisha akanyamaza kwa muda mrefu katika simu. Alikuwa ameisahau kazi ya mamake kwa namna ambayo mikono haisahau. Baadaye alituma pesa kidogo, na mama akaenda mwenyewe dukani Keroka, akaomba sarafu iwekwe juu ya meza.

Glavu nene za neoprini hazikupotea bure. Mzee wa nyumba huzivaa alfajiri anapoendesha baiskeli kupeleka maziwa, na huko hazihitaji macho. Naye mama sasa huchuma akiwa na jozi nyembamba zenye rangi ya manjano, na nikipita asubuhi huniinulia mkono mmoja, akavikunja na kuvikunjua vidole vyote vitano ili nione kwamba vinaona.