Pesa za kuinua eneo: kazi zinatoka wapi?

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Swali la leo tunaulizwa kila mara: mamilioni yanatangazwa kwa ajili ya eneo letu, mbona vijana wetu bado wamekaa bila kazi? Tulijibu kwa kuangalia Kakuma, katika kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa mahali pa watu wa kulishwa. Mwaka 2018, IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, likatoa utafiti uliohesabu kambi na mji wake kama soko: zaidi ya maduka 2,000, na matumizi ya dola zipatazo milioni 56 kwa mwaka. Wenye maduka walijua hayo zamani. Lakini mwekezaji wa Nairobi haleti mtaji wake kwa maneno matupu, anataka hesabu.

Mwaka huo huo serikali ya kaunti na UNHCR walizindua mpango wa miaka 15 uitwao KISEDP, ili shule, hospitali, maji na masoko viwahudumie wakimbizi na Waturkana kwa pamoja. Ukafuata mfuko wa Kakuma Kalobeyei Challenge Fund, ambao kampuni na wafanyabiashara, wenyeji kwa wakimbizi, hushindania ruzuku.

Kaunti yenyewe inafanya nini? Haigawi ajira kama mgao wa unga. Mkononi ina masoko, barabara ndogo, zahanati, leseni za biashara, na sauti kubwa juu ya ardhi. Barabara kuu ya lami ni ya serikali ya taifa. Sasa chukulia mtu anataka kujenga chumba cha baridi cha samaki wa Ziwa Turkana. Atauliza: umeme upo saa ngapi? Leseni inachukua siku ngapi? Kiwanja kina maandishi ya nani? Jibu moja likiwa bovu, anakwenda kujenga Lodwar, na kazi zinakwenda naye. Pesa za mradi zina faida pale tu zinapoondoa vikwazo hivyo.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Mradi wa ujenzi huleta vibarua vya kuchimba mitaro na kubeba mawe. Ni riziki, hatuidharau, ila inaisha siku mkandarasi anapofunga mizigo. Soko lililojengwa likibaki bila maji na bila wauzaji, hesabu ya ajira iliyosomwa siku ya uzinduzi haina maana.

Halafu hati. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inamtambua mkimbizi kuwa na haki ya kufanya kazi, lakini kibali ni kigumu kupata, na mwajiri akiona hakuna kibali anaogopa. Ndiyo maana walimu na wauguzi wengi wanabaki na posho ndogo ya mashirika. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea nchini. Tanzania, kutoka kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo mfuko kama wa Kakuma ungekwama getini.

Mwenye duka kambini Kakuma hulipa kaunti ada ya leseni, ingawa hapigi kura. Na sheria za Kenya zinataka umma ushirikishwe katika bajeti ya kaunti. Mkutano ukitangazwa, viongozi wa mitaa ya kambi waende na maswali haya: ada tulizolipa mwaka jana zilirudi sokoni kwa sura gani? Katika kazi mlizotangaza, ngapi bado zipo leo, na wangapi ni wakimbizi, wangapi ni wenyeji?

(Muziki)