Kabla ya Kufika Mstari wa 6

Mkristo wa Emali anayetafuta amani ya moyo mara nyingi huelekezwa Wafilipi sura ya 4, pale Paulo anapowaambia wasomaji wake wasijisumbue bali wampelekee Mungu haja zao kwa sala na shukrani, nayo amani ya Mungu itawalinda. Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba wengi wetu huanzia mstari wa 6. Rudi hadi ule wa 2, utawakuta wanawake wawili wa kanisa la Filipi, Euodia na Sintike, waliotaabika pamoja na Paulo katika Injili kisha wakakosana. Barua kama hizo zilisomwa mbele ya kusanyiko. Hebu wafikirie wameketi pale, wakisikia majina yao! Paulo anawasihi wapatane, anamwomba mwenzake awasaidie, ndipo anapofika kwenye amani.

Kwa hiyo mtu anayefunga na kukesha katika maombi huku hasemezani na shemeji yake kwa ajili ya mpaka wa shamba ameruka mistari. Anaomba ndani ya chumba kitu ambacho sehemu yake iko kwa jirani.

Tena Paulo aliandika akiwa kifungoni. Amani aliyoinena haikungoja afunguliwe. Hapo ndipo ninapoachana na wahubiri wanaoifanya amani kuwa malipo ya sadaka: panda mbegu, deni liishe, usingizi uje. Historia ya Makueni yenyewe inawakataa. Nzaui, si mbali na Emali, ndipo Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza mwishoni mwa 1895. Scott alikuwa amekwisha kumzika ndugu yake, John, huko Kongo. Naye homa ilimuua Desemba 1896, akiwa na miaka 29. Haukupita muda, njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, ikawakumba wenyeji. Kama imani ingalikuwa kinga ya shida, sijui AIC, kanisa lililozaliwa na misheni hiyo, lingaliota mizizi vipi katika ardhi hii.

Biblia haimdai mtu tabasamu. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko, na ile ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote. Anayemlilia Mungu kwamba mvua imekatika na ng'ombe wamekwisha bado anaongea na Mungu, na mazungumzo hayo ndiyo imani. Kunyamaza kwa heshima ndiko kunakonitia wasiwasi.

Kuna jambo moja ambalo makanisa yetu hulipita haraka mno. Katika 1 Wafalme 19, Eliya anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha tena. Habari za kazi yake zinakuja baadaye. Basi mtu asiyepata usingizi kwa majuma, au anayesema amechoka kuishi, apelekwe kwa daktari upesi, iwe zahanati ya karibu au hospitali ya rufaa ya kaunti kule Wote. Asiambiwe aache dawa ili kuthibitisha imani. Na asiende peke yake: ndugu au mzee wa kanisa akae naye kwenye foleni.