Bakteria wa Mukuru na urithi usiotoka kwa wazazi

Mwanafunzi yeyote wa sekondari mtaani Buruburu au Kayole atakuambia bila kusita kwamba kiumbe hurithi sifa zake kutoka kwa wazazi. Jibu hilo humpa alama katika mtihani. Hata hivyo, hatua chache tu kutoka shuleni kwake, katika vijiji vya Mukuru vinavyopakana na Eneo la Viwanda, anaishi kiumbe ambaye kanuni hiyo haimtoshi. Huyo ni Salmonella Typhi, bakteria aletaye homa ya matumbo.

Mwaka 2001 wanasayansi walichapisha mfuatano kamili wa jenomu ya bakteria huyu, aliyepatikana kwa mgonjwa wa Vietnam. Katika herufi zipatazo milioni 4.8 walikuta jeni zaidi ya 200 zilizoharibika, ambazo hazifanyi kazi tena. Jamaa zake waishio katika kuku, ng'ombe na wanadamu wanazo nyingi za jeni hizo zikiwa nzima. Typhi hukaa ndani ya binadamu peke yake, na jeni isiyotumika hailindwi na uteuzi wa kimaumbile: kosa likiingia humo halimdhuru mwenyewe. Aliyehama nyumba ya vyumba vinne akapanga chumba kimoja Huruma anaelewa jambo hili pasipo mwalimu.

Huku akipoteza, alikuwa pia akipata. Jenomu yake ina kipande kirefu cha DNA, chenye herufi kama 134,000, ambacho kwa dalili zote kilitoka nje. Humo zimo jeni zinazotengeneza utando wa sukari uitwao Vi, ambao humsaidia bakteria kujificha dhidi ya kinga ya mwili.

Mkasa wa Nairobi hasa ni wa njia ya tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa jiji hili walikumbana na homa ya matumbo isiyosikia ampisilini, kloramfenikoli wala Septrin. Mwaka 2010 watafiti wa KEMRI wakiongozwa na Samuel Kariuki walionyesha kwamba aina iliyotawala nchini ilikuwa ya ukoo wa H58, uleule ulioenea Asia. Ukinzani ule ulibebwa na plasmidi, yaani duara la DNA lililo kando ya kromosomu, ambalo bakteria mmoja aweza kumpa mwenziwe wanapogusana, hata kama si wa spishi moja. Jeni za kushinda dawa hizo zimepangwa pamoja kwenye plasmidi hiyo. Kwa hiyo, mgonjwa akimeza dawa moja tu, anayesalia mwilini ni bakteria aliye na silaha dhidi ya zote. Wachache hustaajabia jambo hili, nami naona ndilo la kutisha kuliko yote.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2021 na uliohusisha watoto wa Mukuru, uligundua kwamba ukoo huo uliingia Kenya zaidi ya mara moja, na kwamba watoto wenye afya kabisa waliubeba pasipo kuugua.

Aghalabu lawama huangukia mkazi anayenunua vidonge vitatu dukani badala ya dozi nzima. Kosa lipo, lakini mwenye kulaumu na atazame pia mirija ya plastiki ya maji ya kunywa, iliyolazwa katika mitaro ya majitaka. Majitaka huwakutanisha bakteria wa matumbo ya maelfu ya watu, wenye plasmidi na wasio nazo, na mrija ukipasuka huwarudisha mezani. Elimu ya dawa pekee haitaziba mrija.

Mnamo Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo. Chanjo hiyo huufundisha mwili kuutambua utando wa Vi, yaani mali ileile ambayo bakteria aliipata kutoka nje. Nasi tumekwisha kuona kwamba kilichopatikana chaweza kupotea: nchini Pakistan, bakteria wa Typhi wasio na Vi waliwahi kutolewa katika damu ya wagonjwa. Chanjo na ienee Mukuru, Dandora na kwingineko, lakini maabara za KEMRI zisiache kusoma jenomu za bakteria watakaosalia baada yake.