Fundi alitaka kufuta yote, kumbe ni namba tu

Ku biro yetu ya sendika hapa Kisangani tuko na ordinatere mbili za zamani, zenye Windows 98. Moja inashika liste ya memba, michango na dosie za ndugu wenye waliumia ku kazi. Ya pili njo iko na mashini ya kuchapa. Tulikuwa tunabeba dosie kwa disketi kutoka meza hii mpaka ile, na kwa unyevu wa hapa disketi haikawii kuharibika. Tukatafuta kadi mbili za rezo, za mitumba, tuunganishe mashini hizo kwa waya.

Kuweka kadi ya kwanza, panya ikafa. Fundi mmoja akaangalia kidogo, akasema: «Windows imeharibika, tufute yote, tuweke upya.» Na mule ndani mulikuwa dosie ya mama mjane mwenye alikuwa anangoja karatasi za kupeleka ku CNSS. Tukakataa.

Mchimbaji atafahamu jambo hili upesi. Mtu wa chini ya shimo akitaka kupanda, anavuta kamba, wa juu anajua. Sasa mashimo mawili yakifungwa ku kengele moja, wa juu atapandisha nani? Ndani ya ordinatere, prosesa njo mtu wa juu. Kila kifaa kinamwita kwa laini yake, inaitwa IRQ. Laini ni 16, toka 0 mpaka 15, na nyingi ziko na mwenyewe: 1 ya klavye, 6 ya disketi, 7 ya mashini ya kuchapa, 14 ya diski ngumu. Kadi za zamani za ISA hazijui kugawana. Yetu, aina ya NE2000, ilikuwa imepangwa ku 3. Na COM2, tundu lenye tulichomeka panya, nalo linatumia 3!

Kufuta Windows hakungesaidia kitu, juu namba iko ku kadi yenyewe.

Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukatoa kadi. Panya ikarudi. Tukaingia «Panneau de configuration», «Système», «Gestionnaire de périphériques», tukabonyeza mara mbili neno «Ordinateur» pale juu kabisa: namba zote zikatoka na wenyewe wao. Kwetu 10 ilikuwa wazi. Kadi yetu iko na vidaraja vidogo vya kuhamisha kwa vidole; tukavipeleka ku 10. Kadi zingine hazina vidaraja, zinabadilishwa kwa disketi yake, ndani ya DOS. Anwani pia, kwetu 300, isiwe na mwenyewe mwingine.

Hapo tukakosea mara moja: mashini ikapatia kadi ya ekrani ile 10. Ilibidi kuingia BIOS, ku ukurasa wa PnP/PCI, tuandike kwamba 10 ni ya ISA. Wenye kadi za PCI wana bahati, zile zinaweza kugawana laini. Zikisumbua, hamisha kadi ku tundu lingine.

Fundi tulimlipa ya soda. Si mtu mubaya, lakini kufuta njo kazi yenye anajua.

Dosie ya yule mama ilitoka ku mashini ya kuchapa siku ile ile, kurasa nne, bila disketi.