Asiyekuwa Stelingi

Katika mabanda ya video, Zagayu na Bariadi kama kwingineko Tanzania, swali la kwanza ni stelingi, yaani mhusika mkuu, ni nani. Wengine wote ni adui au rafiki yake. Mazoea hayo yanamnyima haki mtu anayebeba hadithi, na kazi ya mwigizaji Bruce Cabot inaonyesha hivyo. Mwaka 1933 alikuwa ndiye anayemwokoa binti kwenye mikono ya sokwe katika King Kong. Baadaye akawa mtu wa pembeni, na kuanzia Angel and the Badman ya 1947 akaonekana mara kwa mara na John Wayne, stelingi wa filamu za kauboi. Katika The Comancheros (1961) ni mkuu wa askari wa Texas, katika The War Wagon (1967) ni tajiri aliyepora shamba la Wayne, na katika Big Jake (1971) ni rafiki Mhindi Mwekundu anayefuata nyayo. Wayne hubaki Wayne kila filamu. Cabot hubadilika, na tunamwamini.

Hata Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks, yenye Wayne kama stelingi, iliyopigwa Arusha na kutoka 1962, ni ya kauboi kwa mwendo wake: magari badala ya farasi, vifaru na twiga badala ya ng'ombe, kamba ileile. Mwanzoni kabisa kifaru anamchoma Cabot mguuni. Damu ya kundi lake ni adimu, na Mfaransa mgeni anayejitolea kumpa ndiye anayeingia kwenye kikosi cha kukamata wanyama. Jeraha hilo lingekuwa la Wayne, lisingetisha hivyo, maana kila mtazamaji anajua stelingi hafi. Hofu ya kila windo linalofuata inatokana na jeraha la Cabot.

Wapo watakaosema alibebwa na urafiki wake na Wayne. Urafiki ulimfungulia mlango, sawa, lakini haumfanyi mtazamaji amchukie ndani ya The War Wagon. Hoja nzito zaidi ni ya Watanganyika wa Hatari!, iliyopigwa kabla ya Uhuru wa Desemba 1961: wanabeba mizigo, wanacheza ngoma, basi. Hoja hiyo naikubali. Ila walichonyimwa si dakika za kuonekana, kwa kuwa hata Cabot alikaa muda mrefu nje ya windo. Walinyimwa jeraha, uamuzi, kitu cha kupoteza. Hicho ndicho waandishi wa Bongo Movie wanachopaswa kumpa yule baba anayegomba sebuleni kisha anasahauliwa.