Kurudi Mchezoni Baada ya Kupasuliwa Shingo

Mwenzetu mmoja ana kijana wake mwalimu huko Muleba, Mkoa wa Kagera. Kijana amepasuliwa shingo, na baba mtu auliza: lini atacheza tena mpira, na lini aweza kuja kutusaidia kuchuma? Jawabu lawahusu wengi, maana mikarafuu yetu nayo huangusha watu.

Shingo ina pingili 7, na baina ya nyingi ya hizo pana kisahani cha gegedu. Kisahani kikitoka mahali pake hubana mshipa wa fahamu, mkono ukafa ganzi au ukakosa nguvu. Mara nyingi daktari hupitia mbele ya koo, akakiondoa, akatia kipande cha mfupa au cha kutengenezwa, pamoja na bamba la chuma na skrubu. Ngozi hufunga kwa wiki 2 hivi. Mifupa kushikana huchukua miezi 3 hata mwaka. Hapa ndipo watu hudanganyika: kovu limekauka, maumivu yamekwisha, mtu adhani amepona.

Zoezi la kwanza ni kutembea, nalo huanza siku zile zile za mwanzo, kwenye njia tambarare, akiongeza kidogo kidogo. Mkungu wa ndizi kichwani, jambo la kila siku Bukoba na Muleba, autupilie mbali. Na pikipiki kwenye njia ya mashimo vile vile. Baada ya wiki 6 hivi, daktari akiridhika, mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha kukaza misuli ya shingo na mabega. Mbio nyepesi ni kwenye miezi 3.

Mpira ni shauri jingine, kwa sababu ya kupiga kichwa na kugongana. Yataka eksirei ioneshe mifupa imeshikana, maumivu hakuna, shingo yageuka vyema, na mikono ina nguvu kamili. Aliyeunganishwa mahali pamoja huweza kuruhusiwa, aghalabu baada ya miezi 6 au zaidi. Mahali pawili madaktari husitasita, patatu hukataza. Peyton Manning, mchezaji wa Marekani wa mpira ule wa kukumbana, aliunganishwa shingo Septemba 2011. Alikosa msimu mzima, akarudi 2012, na Februari 2016 timu yake ikatwaa ubingwa. Lakini huyo alikuwa na madaktari wa kumtazama kila siku.

Kupanda mkarafuu, kwa maoni yangu, ni kuzito kuliko mpira: mchumaji hutazama juu saa nzima, mkono mmoja ukivuta tawi, na chini hakuna nyasi za kiwanja. Msimu huu kijana akae jamvini achambue.

Kama avuta sigara aache, maana tumbaku huchelewesha mfupa kushikana. Akiona mikono yalegea, miguu yayumba, mkojo wamponyoka, au kidonda chatoa usaha, asingoje tarehe ya kliniki. Achukue karatasi zake za upasuaji, aende Ndolage, Rubya au hospitali ya mkoa Bukoba siku hiyo hiyo.